Kitabu cha Shanga kwa bei ya mbuzi wanne: kinunuliwe?

Swali: "Asalaam aleikum, Bi Mkutubi. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Lamu, na wakati wa likizo huwatembeza wageni kwenye magofu ya miji ya kale ya Takwa na Shanga. Kwetu ni Siyu, kisiwani Pate, iliko Shanga. Nataka kuandika kijitabu cha Kiswahili kuhusu Shanga kwa watoto wa kisiwa cha Pate, na kila ninayemuuliza ananiambia nisome kwanza ripoti ya uchimbaji ya Mark Horton ya mwaka 1996. Madukani sikuiona. Nakala kuukuu niliyoipata mtandaoni, pamoja na kuisafirisha, inafika shilingi 38,000. Mke wangu anasema hizo ni pesa za mbuzi wanne, na hakukosea. Kwa nini vitabu hivi ni ghali hivi? Vina faida inayolingana na bei, au ni fahari ya kuvipanga ukutani? Mwalimu, Langoni."

Waaleikum salaam, mwanangu. Nitangulize jibu, maana mshahara wa mwalimu una wengi wanaoungojea: usikinunue, si sasa na si peke yako. Lakini kukisoma ni lazima, tena kurasa zake muhimu uwe nazo mkononi wakati unaandika. Nilitunza maktaba ya utafiti hapa Pwani miaka 27 kabla ya kustaafu na kurudi Malindi, na swali lako nimeulizwa na wanafunzi, na maustadhi, na mafundi wa milango, hata na nahodha mmoja aliyetaka kujua babu zake waliundaje mtepe. Wote walidhani bei ile imewekwa makusudi ili wasiingie.

Sivyo, ingawa matokeo yake ni hayo hayo. Kitabu cha namna hii hakikupangiwa bei mtu kama wewe. Kimepangiwa maktaba. Mchapishaji anajua tangu mwanzo kwamba watakaokihitaji ni mia chache duniani kote: vyuo vikuu, makumbusho, wataalamu wachache. Chukua mfano wa hesabu. Tuseme kazi ya kukitengeneza kabla wino haujagusa karatasi, yaani mhariri, mchoraji wa ramani, mtu wa kuchora vigae vya vyungu kimoja kimoja, mtu wa kutengeneza faharasa, inakula shilingi milioni moja na nusu. Ukipiga chapa nakala 3,000, kila nakala inabeba shilingi 500 za gharama hiyo. Ukipiga chapa nakala 300, kila moja inabeba 5,000, na bado hujalipa karatasi, kiwanda, ghala, wala faida ya muuzaji. Ongeza kwamba jalada ni gumu, picha ni nyingi na karatasi ni nzito. Ongeza posta kutoka Ulaya. Vitabu vya kununua hapa hapa Kenya navyo vilitiwa kwenye VAT ya asilimia 16 kwa sheria ya mwaka 2013, jambo ambalo mimi sikubaliani nalo hadi leo. Nakala zikishamalizika, bei inakuwa ya mwenye nacho: anayemiliki nakala kuukuu anajua hakuna mwingine wa kushindana naye.

Mwandishi mwenyewe hapati kitu cha maana humo. Lishike hilo, maana litakufaa baadaye.

Sasa faida, na hapa ndipo ninapotaka tukae kitako.

Kuna siku ulimpeleka mgeni Shanga akakuuliza kama ni kweli jina hilo linatokana na Shanghai. Najua umeulizwa, kwa kuwa hadithi ya mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa na chombo inasimuliwa Pate yote, na wageni wanaipenda. Ukiwa na masimulizi peke yake, huna la kufanya ila kuikubali au kuikataa. Ripoti ile inakupa kitu kingine. Horton na wenzake walichimba pale miaka ya 1980, wakashuka tabaka kwa tabaka chini ya msikiti wa Ijumaa, wakakuta chini ya msikiti wa mawe kuna msikiti mwingine, na chini ya huo mwingine, hadi wakafika kwenye alama za nguzo za msikiti mdogo wa miti wa karne ya 8. Mji huo ulihamwa katika robo ya kwanza ya karne ya 15 au karibu na hapo. Basi merikebu za Zheng He, yule amiri wa bahari wa China, zinapofika pwani hii mwanzoni mwa karne hiyo ya 15, watu wa Shanga wana zaidi ya miaka 600 wakisali mahali pale pale. Hujamtukana mzee aliyekupa hadithi. Umempa mgeni wako, na kesho utawapa watoto wa Siyu, kitu kikubwa kuliko hadithi: msikiti wa miti, kwa mikono ya wakazi wa pale, karne ya 8.

Hiyo ndiyo kazi ya kitabu cha marejeo cha kitaalamu. Hakisomwi kama riwaya, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wafungue nyuma kwanza: faharasa, kisha orodha ya marejeo, kisha tanbihi, ndipo waje kwenye sura. Tanbihi moja iliyoandikwa na mtu mwaminifu inaweza kukuokolea mwaka. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuwa amehangaika miezi minane akitafuta nani alipima nyumba za mawe za Lamu, zenye daka la mlangoni, kiwanda, yaani ua wa ndani, na zidaka za ukutani, kwa futi na kwa michoro. Alikuwa tayari kwenda kuzipima upya nyumba kwa nyumba. Nikamfungulia kitabu cha Usam Ghaidan cha mwaka 1975, kilichochapwa Nairobi na East African Literature Bureau. Michoro ilikuwa imekaa mle tangu kabla hajazaliwa. Alikaa chini, akanyamaza, akaomba karatasi.

Lakini mwanangu, ndani ya kitabu kimoja cha namna hii mna vitabu viwili, na havizeeki sawasawa. Kimoja ni ushahidi: ramani ya mitaro ya uchimbaji, orodha ya vigae, sarafu ilikutwa tabaka gani, kaburi lina urefu gani. Cha pili ni maoni ya mwandishi juu ya ushahidi huo. Ushahidi hauzeeki. Maoni huzeeka, tena upesi. Tazama kisiwa cha Manda, hapo ng'ambo yako. Mwanaakiolojia Neville Chittick alikichimba na ripoti yake ikatoka mwaka 1984, naye aliona mkono mkubwa wa watu wa Ghuba ya Uajemi katika kuanzishwa kwa mji ule. Horton, kwa alichokikuta Shanga, akaegemea upande wa pili: kwamba miji hii iliota hapa hapa, kwa watu wa hapa, na biashara ya bahari ikaikuza. Kisha mwaka 2023 wataalamu wa vinasaba wakachapisha katika jarida la Nature matokeo ya mifupa ya wakazi wa zamani wa miji ya pwani, ikiwemo Manda, Faza na Mtwapa, wakaonyesha damu imechanganyika, ya wanawake wengi wao Waafrika na wanaume wengi kutoka Asia, hasa Uajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Makala hayo yanasomwa bure, neno kwa neno, kwenye simu uliyonayo. Kwa hiyo maelezo mapya zaidi kuhusu watu wa pwani hii yanapatikana bila senti moja, na yale ya zamani zaidi ndiyo ya shilingi 38,000.

Hapo utaniuliza: basi kwa nini nihangaike na cha 1996? Kwa sababu ya kile kitabu cha kwanza kilichomo ndani yake. Hakuna mahali pengine utakapopata kila ukuta wa Shanga umepimwa na kila mtaro umeelezwa. Ardhi ikishachimbwa haichimbwi tena mara ya pili kama ilivyokuwa. Kilichobaki ni maandishi.

Basi jiulize unanunua nini, hadithi au ushahidi. Kwa kuwatembeza wageni, hadithi iliyo sahihi inatosha, nayo ipo kwa bei nafuu. Horton mwenyewe aliandika makala ya kueleweka na kila mtu katika jarida la Scientific American mwaka 1987, na mwaka 2000 akatoa, pamoja na John Middleton, kitabu cha jumla kuhusu Waswahili ambacho nakala zake kuukuu si za kutisha. Anza na hivyo viwili. Kwa kijitabu chako cha watoto unahitaji ushahidi, lakini si wote. Nakadiria utahitaji kurasa 40 au 50: ramani ya mji, sura ya misikiti, sura ya makaburi, na ile inayoeleza jinsi nyumba zilivyobadilika kutoka udongo na miti hadi matumbawe. Orodha ndefu za vigae za kila tabaka hutazihitaji. Mtu hanunui jahazi zima kwa kuhitaji tanga.

Mimi nilijifunza hayo kwa pesa zangu. Nilipokuwa kijana nilinunua ile kazi ya Chittick juu ya Kilwa, ya mwaka 1974, majuzuu mawili, kwa mshahara wa mwezi mmoja na zaidi. Katika miaka kumi niliifungua mara nne. Ni kazi kubwa, siivunjii heshima hata kidogo, lakini maktaba niliyofanyia kazi ilikuwa nayo, na ningeweza kuifungua mara hizo nne bila kulaza watoto kwa uji. Miaka hiyo hiyo nilipata kamusi ya Padri Charles Sacleux, ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka Paris mwaka 1939. Hiyo niliifungua kila wiki mpaka mgongo ukaachana na kurasa. Sacleux hakuridhika na neno la Unguja peke yake. Aliandika na la Lamu, na la Mombasa, na la Ngazija, akaonyesha lipi ni la wapi. Mtu wa Siyu anayeandika "ndia" na "mai" anajikuta mle, wakati kamusi nyingi za leo zinampa "njia" na "maji" na kumwacha hapo. Tangu hapo kipimo changu ni hiki: kitabu nitakachokifungua kila wiki nitakinunua hata kwa kukopa. Kitabu nitakachokifungua mara nne nitakifuata kiliko.

Sasa kukifuata kiliko.

Kwanza, ulizia karibu. Ngome ya Lamu ina maktaba, nawe unapita mbele yake kila siku. Na makumbusho yenu yako chini ya Makumbusho ya Taifa, ambayo ndiyo yenye dhamana ya uchimbaji wote unaofanyika nchini. Mtafiti anayepewa leseni leo kupitia NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, anatakiwa arudishe nakala ya ripoti yake. Ni haki yako kama raia na kama mwalimu kuuliza: ripoti za Pate ziko wapi, naweza kuzisoma siku gani? Uliza kwa adabu, uliza kwa barua, na weka nakala ya barua yako. Kisha kuna maktaba ya Fort Jesus, Mombasa. Na Nairobi kuna maktaba ya Taasisi ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambao ndio waliochapisha ripoti yenyewe. Piga simu kabla hujafunga safari, utaje kitabu kwa jina na mwaka. Boti hadi Mokowe, basi, na siku tatu za kulala kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni ya kawaida, hazifiki nusu ya hizo 38,000. Ukienda likizo ya Agosti, na ukiwa umeshasoma yale makala ya 1987, siku tatu zinatosha kabisa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inakuruhusu kunakili kwa kiasi cha haki kwa utafiti na matumizi yako binafsi, mradi utaje chanzo. Kunakili kitabu kizima na kukiuza ni jambo jingine.

Pili, mwandikie mwandishi au mtaalamu mwingine wa Shanga. Nilikwambia hawapati pesa katika vitabu hivi. Wanachokitaka ni kusomwa. Waandikie barua fupi, useme wewe ni nani, kwenu ni wapi, unaandika nini na kwa ajili ya nani, na unahitaji sura gani. Wanaofanya kazi pwani hii wengi wanakijua Kiswahili, kwa hiyo usione haya kuandika kwa lugha yako. Nimeona sura nzima zikiletwa kwa barua pepe ndani ya siku mbili. Nimeona pia kimya, na kimya kikizidi wiki tatu andika tena mara moja.

Tatu, mambo ya bure ambayo watu wa Lamu ndio wenye haki nayo na ndio wasioyatumia. Maandiko ya mkono ya Msikiti wa Riyadha yalipigwa picha kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi maandiko yaliyo hatarini, na picha hizo ziliwekwa mtandaoni zisomwe na yeyote. JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya kitaalamu, inampa mtu asiye na chuo nafasi ya kusoma makala hadi 100 kwa mwezi akijiandikisha tu. Jarida la Swahili Forum linalotoka Ujerumani ni bure tangu zamani. Na vitabu vya zamani sana, kama kamusi ya Kiswahili ya mmisionari Krapf ya 1882, viko huru kisheria na vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwenye Internet Archive.

Hapo kwenye Krapf nikuonye. Wapo wauzaji wanaochukua vitabu hivyo vya bure, wakavipiga chapa upya kwa mashine bila kuvitazama, wakavitia jalada zuri na bei kubwa. Mimi niliuziwa kimoja. Kurasa nyingine zilikatwa maneno upande mmoja, nyingine zilikuwa na kivuli cha kidole cha aliyekuwa akipiga picha. Nilimwandikia muuzaji mara tatu, hakujibu. Kitabu chochote kilichotoka kabla ya mwaka 1900 kitafute kwanza bure.

Ukishafanya hayo yote na bado ukaona kitabu chenyewe kinahitajika Lamu, na mimi naona kinahitajika, basi kinunuliwe na watu kumi, si mmoja. Shilingi 3,800 kila mtu: walimu wa historia, waongozaji wa wageni, wawili watatu wa Siyu walioko Mombasa au Ughaibuni wenye uchungu na kwao. Andikeni karatasi mapema: kitabu ni cha nani, kitakaa wapi, nani ana ufunguo, na mtu wa nje anakisomaje. Nasema mapema kwa sababu nimeona michango ya namna hii ikiishia kabatini kwa mkuu mmoja, kufuli juu, na ufunguo umesafiri naye. Mkiweza kukiweka maktaba ya Ngome kwa maandishi, wekeni. Wanafunzi watakipata, na mtalii aliyesoma akikiona pale atajua anazungumza na watu wanaojijua.

Na kikifika, tafadhali msikiweke kwenye zidaka za ukuta wa nje. Nyumba za matumbawe zinavuta unyevu wa bahari, na karatasi ya kung'aa inayotumika kwa picha ikishika unyevu kurasa hugandana. Ukizivuta, picha inabaki upande mmoja na maneno upande wa pili. Kabati la mbao lililoachwa nafasi ya kiganja kutoka ukutani, kafuri kidogo kwa ajili ya wadudu, na kukipepea kitabu kivulini kila baada ya mvua za masika. Juani kamwe.

Kuna jambo moja ambalo kitabu hicho hakitakupa, nawe unalo. Ripoti imevipa vitu vya Shanga namba: mtaro namba hii, jengo namba hii, kaburi namba hii. Wazee wa Siyu wana majina. Wanajua kisima kinaitwaje, mti upi ulikuwa wa kupumzikia, kaburi lipi watu waliliwekea nadhiri na kwa nini waliacha. Makaburi ya pale ni mamia, na kwa namba peke yake mtoto wa darasa la sita hatakumbuka hata moja. Kwa hiyo ukishapata nakala ya ramani, ikuze kwenye karatasi kubwa, uitie plastiki, uchukue mzee mmoja anayeweza kutembea mwendo ule kutoka Siyu, muende asubuhi kabla ya jua kali, maji yakiwa yametoka. Muulize mahali kwa mahali, uandike jina kando ya namba. Fanya hivyo na mzee wa pili siku nyingine, bila kumwambia wa kwanza alisema nini.

Ukiwa na ramani hiyo, ninunulie nakala ya picha na unitumie Malindi, nitakulipa gharama. Na nijulishe mmefika watu wangapi kwenye mchango. Mimi nihesabu mmoja.